Ni kazi au ni shule? Uanagenzi, kutoka karakana za Keko hadi darasani

Kila tangazo la nafasi za uanagenzi linapopita kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hapa Dar es Salaam, maswali yanayofuata ni yale yale. Wanalipa shilingi ngapi? Kuna hela ya fomu? Mwisho wake ni ajira? Si wale matapeli? Jirani yangu mmoja huku Mbagala, mama ambaye kijana wake alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, aliniletea simu nimsomee tangazo la aina hiyo. Nilisoma mpaka chini. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hii ni kazi au ni shule?"

Ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Mkanganyiko wote tulio nao kuhusu uanagenzi unatoka hapo, kwa sababu tumezoea kwamba mtu ama anasoma ama anafanya kazi, na mwenye kufanya vyote tunamhesabu kuwa hajakamilisha hata kimoja.

Tuyatenganishe majina kwanza

Neno mwanagenzi ni la siku nyingi. Ni mtu anayeanza kujifunza jambo, hata malenga wachanga hujiita hivyo mbele ya magwiji. Kwenye mambo ya ufundi, uanagenzi ni mafunzo ambayo kijana anajifunza kazi akiwa kazini kwenyewe, chini ya fundi mzoefu, huku sehemu ya muda wake akiitumia chuoni. Kuna mkataba wa maandishi, kuna orodha ya stadi anazotakiwa kuzimudu, na mwisho kuna mtihani unaosimamiwa na mtu mwingine, si yule aliyemfundisha.

Saidia fundi ni mwingine. Huyo anachanganya zege, anabeba matofali, anashika ngazi, jioni analipwa chake. Hakuna anayedaiwa kumfundisha. Akijua kitu, amekijua kwa macho yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa fildi naye ni wa chuo. Anatoka kwa wiki kadhaa kwenda kuona yale aliyosoma yanavyofanyika, kisha anarudi darasani na ripoti yake. Mtarajali, kama yule daktari kijana tunayemkuta hospitalini, ameshahitimu na anatafuta uzoefu. Na kurasimisha ujuzi ni habari ya mtu ambaye tayari ni fundi, aliyejifunza mtaani, anayepimwa na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ili apate cheti cha kile anachokijua. Hafundishwi upya tangu mwanzo.

Anayetaka kuona tofauti hizi kwa macho aangalie watu wanavyojifunza kuendesha gari. Yuko konda anayejifunza kwa kusogeza daladala kituoni dereva akienda kula. Kidogo kidogo anajua, siku moja anapewa gari. Yuko mwingine aliyekariri alama zote za barabarani lakini usukani haujui. Na yuko yule wa gari lenye "L": anaendesha kweli, kwenye barabara ya Mandela, katikati ya malori ya bandarini, ila pembeni yake kaketi mwalimu, kichwani ana alama za darasani, na siku ya leseni anapimwa na mtu asiye mwalimu wake. Huyu wa tatu ndiye mwanagenzi.

Keko, saa tatu asubuhi

Watu wengi wakisikia uanagenzi hudhani ni kitu kipya kilicholetwa na wafadhili. Wanasahau kwamba jiji hili limejengwa na wanagenzi. Vitanda tunavyolalia vimetoka Keko, mikononi mwa mafundi ambao wengi wao hawakukanyaga chuo. Magari yetu yanafunguliwa Gerezani na Ilala na watu waliofundishwa na waliowatangulia. Masusi wa Sinza, mafundi cherehani wa Kariakoo, wachomeleaji wa Buguruni, karibu wote wamepita mlango huo huo wa "nikae kwako nijifunze".

Kuna asubuhi moja niliketi kwenye karakana ya samani pale Keko nikisubiri meza yangu. Fundi alikuwa na kijana wa miaka kama kumi na saba. Alimpa patasi na kipande cha mninga kilichokuwa kimebaki, akamchorea kwa penseli mahali pa kuchimba tundu, akaendelea na kazi yake ya kupiga randa bila kumtazama. Kijana akachimba. Alipomaliza, fundi akachukua kipande kingine chenye ulimi, akauingiza kwenye tundu, akageuza juu chini na kutikisa mara moja. Ulimi ukaanguka sakafuni.

"Bado."

Akampa kipande kingine. Safari hii tundu likawa dogo, ulimi ukagoma kuingia, kijana alipotaka kuugonga kwa nguvu fundi akamshika mkono: ukigonga hivyo mbao inapasuka. Chukua patasi, punguza kidogo upande huu, kidogo tu, kama unyoya. Mara ya tatu ulimi uliingia kwa kugongwa taratibu na kipande cha mbao, na alipougeuza na kutikisa haukutoka. Fundi hakumsifu. Alisema tu: "Kitanda kikianza kulia baada ya mwezi, aliyekinunua atarudi hapa na jina langu mdomoni."

Sijaona darasa lolote linaloweza kufundisha kile kilichofundishwa pale kwa nusu saa: mkono kujua ulaini na ugumu wa mbao, jicho kujua milimita bila futi, na ile aibu njema ya fundi kwa kazi yake. Nalisema hili mapema kwa sababu mara nyingi tukizungumzia kuboresha uanagenzi tunaanza kwa kuwadharau watu ambao wameubeba kwa miaka yote hii.

Ila karakana ile ile ina upande wa pili. Kijana yule hakuwa na mkataba. Hakuna aliyejua angekaa mwaka mmoja au minne. Akijifunza vitanda vya futi tano kwa sita, basi atajua vitanda hivyo, maana ndivyo wateja wa pale wanavyoagiza. Kabati la jikoni atalionea kwa jirani. Mteja akileta mchoro wa karatasi, kazi inakuwa ngumu, kwa kuwa pale watu hunakili kutoka kwenye kitanda kingine au picha ya simu. Na kupiga hesabu ya bei, mbao kiasi gani, vanishi kiasi gani, siku ngapi za kazi, hilo analijua fundi mkuu peke yake.

Mpwa wangu aliuona upande huo wa pili kwa uchungu. Alikaa miaka mitatu kwenye gereji moja hapa mjini. Aliosha vyuma kwa petroli, alishika tochi, alichukua chai. Kila injini ilipofika hatua ya kufunguliwa ndani, aliambiwa akimbie akanunue spea. Akawa anajua kila duka la spea Kariakoo na bei zake, ila hakuwahi kufunga injini hata moja peke yake. Gereji ilipohama alibaki na mikono yake tu, bila karatasi inayosema alikuwa pale. Alipokwenda kupimwa ili arasimishe ujuzi wake, kazi za breki na springi alizifanya bila kubabaika. Kwenye injini akakwama. Mpimaji hakumwonea, alimwonyesha kwa saa chache kile ambacho miaka mitatu ilikuwa imemficha.

Kinachokosekana

Uanagenzi rasmi, tukiuondolea maneno ya ofisini, ni karakana ya Keko ikiongezewa vitu vitatu.

Cha kwanza ni orodha. Kijana anaingia na daftari lenye stadi zote za fani yake, na kila anapoimudu moja, fundi anaweka sahihi na tarehe. Kwa mpwa wangu daftari lingekuwa na ukurasa wa injini, na ukurasa huo ungebaki mweupe mwaka wa kwanza, na wa pili. Mtu angeuliza kwa nini. Daftari ni kitu kidogo cha bei ya vocha, lakini linambana fundi na linambana kijana pia, maana hawezi kudai anajua kisichokuwa na sahihi.

Cha pili ni mpimaji wa nje. Fundi anayekufundisha anaweza kukupenda kupita kiasi au kukuchukia, au akataka ubaki kwake. Ndiyo maana mtihani unafanywa na mamlaka. Kwetu ni VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vya ufundi stadi viko katika ngazi tatu. Mwenye kuzimaliza ni fundi mchundo. Juu yake yuko fundi sanifu, na juu zaidi mhandisi.

Cha tatu ni ile sehemu ya darasani, na hapa ndipo mafundi wa zamani hubisha zaidi. "Darasani atajifunza nini ambacho mimi sikijui?" Kwa miaka mingi lilikuwa swali halali. Sasa tuangalie magari ya gesi. Tangu watu waanze kubadili magari yao kutumia gesi asilia, foleni za kujaza zimekuwa sehemu ya maisha ya jiji hili, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofunga mifumo hiyo. Mtungi wa gesi kwenye buti ya gari unabeba mgandamizo wa takribani bar 200. Upepo wa tairi la gari dogo ni kama bar 2 na kidogo. Yaani ni karibu mara mia moja ya tairi, nyuma ya kiti cha mtoto. Kazi hiyo haijifunzi mtu kwa kubahatisha, na fundi wangu wa zamani, pamoja na heshima yangu yote kwake, hawezi kuifundisha kwa kuwa naye hakufundishwa. Vivyo hivyo kupima gari kwa kompyuta, umeme wa jua, majokofu na viyoyozi vya kisasa. Ujuzi wa mtaani unarithishwa kutoka kwa aliyejua kwenda kwa asiyejua. Kinapoingia kitu ambacho hakuna aliyekijua, mnyororo unakatika, na chuo ndicho kinachouunga.

Kwa hiyo uanagenzi una pande tatu: kijana, mwenye karakana au kampuni, na chuo. Mkataba unaandikwa kati yao, na kila mmoja anadaiwa kitu. Kijana anadaiwa kuhudhuria na kutii taratibu za kazi. Mwenye karakana anadaiwa kumfundisha stadi zote, si zile zinazomfaa yeye tu. Chuo kinadaiwa kumfuatilia kazini, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu ndipo mambo hulegea: mwalimu wa chuo asipofika karakana, mkataba unakuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Wajerumani ndio wanaotajwa sana katika mfumo huu. Kwao kijana hukaa kwenye kampuni siku tatu au nne za wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu kutegemea fani. Jambo ambalo halitajwi sana, na mimi naliona ndilo lenyewe, ni kwamba anayemfundisha kazini naye lazima athibitishe kwa mtihani kwamba anajua kufundisha. Kuwa fundi hodari hakutoshi. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, na chemba ya mafundi ya Hamburg imeshirikiana na VETA kujaribu mfumo huo wa chuo na kampuni hapa kwetu. Kwa upande wa Serikali, Ofisi ya Waziri Mkuu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uanagenzi mwaka 2017, na kupitia programu ya kukuza ujuzi vijana wamekuwa wakipelekwa vyuoni na kazini kwa ada inayolipwa na Serikali. Upande wa hoteli nao ulianza mapema, ukihusisha Chuo cha Taifa cha Utalii na Shirika la Kazi Duniani, wanagenzi wakigawana muda kati ya hoteli na chuo.

Karatasi zipo, na majaribio yapo. Kilichobaki ni kuyatoa kwenye majaribio yawe jambo la kawaida katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728.

"Nikimfundisha atanikimbia"

Hii ndiyo kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wenye karakana. Kijana akishajua anafungua yake mtaa wa pili, na wateja anaondoka nao. Siibezi hofu hiyo. Kwa fundi anayetegemea wateja ishirini, kupoteza watano ni njaa.

Lakini mara nyingi anayekimbia ni yule asiyejua ataachiliwa lini. Mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza unampa kijana sababu ya kusubiri, na unampa fundi uhakika wa kuitumia mikono hiyo katika kipindi ambacho imeanza kuleta faida. Miezi ya mwanzo mwanagenzi ni hasara tupu: anaharibu mbao, anachelewesha kazi, anakula muda wa fundi. Miezi ya mwisho anazalisha. Mwenye karakana anayewaacha vijana waende na waje ovyo hulipia hasara ya mwanzo kila mara na faida ya mwisho haioni.

Kuna kauli ya upande wa pili pia, ya wazazi na vijana, kwamba uanagenzi ni njia ya waajiri kupata vibarua wa bure. Mahali pengine ni kweli kabisa, na tusiifunike. Kipimo chake ni chepesi. Muulize kijana mwezi huu amejifunza nini ambacho mwezi uliopita hakukijua. Kama kwa miezi minne mfululizo jibu ni "nilikuwa nafagia na kupakia mizigo", huyo ni kibarua asiyelipwa, hata kama kwenye karatasi anaitwa mwanagenzi.

Na ile ya kwamba ufundi ni wa waliofeli, naomba niipite haraka, maana imeshaanza kujifia yenyewe. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwenye sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Atakayebaki na dharau hiyo atabaki nayo peke yake. Ninachoomba ni kwamba wasichana wasisukumwe wote kwenye ushonaji na mapishi. Umeme, bomba, uchomeleaji, havijali anayevishika ni nani.

Kuhusu cheti, watu wamegawanyika. Wengine wanasema mtaani hakuna anayekiuliza, na ni kweli mteja wa kitanda haulizi. Ila ukitaka kufanya kazi ya kufunga umeme kwa leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, au kuingia kiwandani, au kuomba kazi kwenye mradi mkubwa wa ujenzi, swali la kwanza ni karatasi. Cheti hakiongezi ujuzi mkononi. Kinafungua mlango ambao ujuzi peke yake haufikii kitasa chake.

Fedha, na hesabu ya nauli

Nani analipia? Hapa kuna jambo ambalo waajiri wanalijua vizuri na wananchi wengi hawajawahi kulisikia. Waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu wanaiita SDL, inayokatwa kwa kuangalia jumla ya mishahara wanayolipa. Haikatwi kwa mfanyakazi, inatoka kwa mwajiri. Mwaka 2021 kiwango cha kuanza kulipa kilipandishwa kutoka wafanyakazi wanne hadi kumi, na mwaka 2023 tozo ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Chukua kampuni yenye wafanyakazi 25 na mishahara ya jumla ya shilingi milioni 20 kwa mwezi. Kwa asilimia 3.5 inalipa laki saba kila mwezi, milioni 8.4 kwa mwaka.

Malalamiko ya waajiri kwa miaka mingi yamekuwa juu ya mgawanyo: theluthi moja kwenda VETA, theluthi mbili kwenda mfuko mkuu wa Serikali. Wanasema tunalipia ufundi stadi, kisha sehemu kubwa inakwenda kwingine. Naona wana hoja. Mwajiri angeona laki saba yake ikirudi kama mwanagenzi aliyelipiwa ada na vifaa vya kujikinga, asingehitaji kubembelezwa apokee vijana. Uingereza walijaribu kitu cha namna hiyo kuanzia Aprili 2017: kampuni kubwa zilitakiwa kulipa nusu asilimia ya mishahara, na fedha zilikaa kwenye akaunti ambayo mwajiri aliiona na kuitumia kwa mafunzo ya uanagenzi tu. Ila nao walipata funzo. Kampuni nyingi zilizitumia kuwaendeleza wafanyakazi waliokuwa nao tayari, hata mameneja, na idadi ya waliokuwa wakianza uanagenzi ikashuka. Tukitaka kuiga, sharti la kwamba fedha imfikie kijana anayeanza liandikwe tangu siku ya kwanza.

Sasa tushuke kwenye fedha ndogo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoua uanagenzi mwingi Dar es Salaam kimyakimya. Kijana anaishi Chanika au Mbagala ndani ndani, karakana iko Ilala. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Tuseme kila moja ni shilingi 600: hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni 57,600 kwa mwezi, kabla hajala. Ada imelipwa na Serikali, mama anashukuru, lakini kufikia wiki ya sita kijana anaanza kukosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne. Kwenye taarifa ataandikwa kuwa ameacha mafunzo kwa utoro. Utoro gani? Alikosa nauli.

Dawa yake moja ni posho ya usafiri inayotajwa kwenye mkataba, hata iwe ndogo. Nyingine ni kumtafutia kijana karakana iliyo karibu na kwao badala ya iliyo karibu na chuo, kisha siku zake za chuo zipangwe kwa mkupuo, kwa mfano wiki mbili mfululizo, badala ya kumzungusha mjini kila wiki.

Jambo la umbali linatupeleka kwenye mipaka. Mkoa una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Lakini viwanda vingi vipya viko nje ya mstari huo, Mkuranga, Kibaha, Bagamoyo, ambako ni mkoa wa Pwani. Kijana wa Mbagala yuko jirani zaidi na kiwanda cha Mkuranga kuliko na hoteli ya Masaki. Kwa mtu anayetafuta kazi, huu wote ni mji mmoja. Kwa mafaili ya ofisi ni mikoa miwili, na nafasi za upande mmoja hazitangazwi upande wa pili. Ningetamani kuona orodha moja ya karakana na viwanda vinavyopokea wanagenzi kuanzia Bagamoyo hadi Mkuranga, imebandikwa kwenye ofisi ya kila serikali ya mtaa, kwa sababu mama jirani yangu anakwenda huko kuliko anavyofungua tovuti.

Pa kuongezea nafasi

Tukijenga vyuo vingine kumi bado havitatosha. Kinachopungua hasa ni sehemu za kujifunzia kazini zenye fundi aliye tayari kufundisha. Na sehemu hizo tunazo, zimelundikana mahali pamoja. Keko, karakana hii inatengeneza vitanda, ya pili sofa, ya tatu inakereza miguu ya meza kwa mashine. Hakuna hata moja inayoweza kufundisha useremala wote, lakini zikiwekwa kwenye mkataba mmoja, kijana akazunguka miezi minne hapa na minne pale akiwa na daftari lile lile, atatoka seremala kamili. Vivyo hivyo Gerezani kwa magari na Vingunguti, kwenye eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa wasindikaji na wachomeleaji.

Kwa upande wa mafundi, kwanza warasimishwe wao. Ni vigumu kumwomba mtu aandike sahihi kwenye daftari la cheti ambacho yeye mwenyewe hana. Kisha wapewe siku chache za kujifunza namna ya kufundisha: kuonyesha, kumwacha ajaribu, kumsahihisha bila kumtukana, kuandika. Yule fundi wa Keko alishaijua kazi hiyo bila kufundwa na mtu. Wengi hawaijui, nao walifundishwa kwa makofi.

Mama jirani alirudi baada ya siku mbili na simu yake. Safari hii tuliandika maswali pamoja, kwa peni, nyuma ya risiti ya maji. Ada nani analipa, na nauli? Kuna mkataba wa maandishi, na mzazi anapewa nakala? Ni karakana gani, na iko wapi? Mafunzo yanaanza lini na kuisha lini? Kuna daftari la stadi? Mtihani wa mwisho ni wa nani, na cheti ni cha ngazi gani? Akiumia kazini, hospitali nani analipa? Nilimwambia pia kwamba akikutana na anayedai hela itumwe kwenye namba ya simu ndipo nafasi ipatikane, afunge mazungumzo hapo hapo na aende chuoni mwenyewe kuuliza.

Kesho yake asubuhi nilimwona kituoni, kijana wake ubavuni, wanasubiri gari la kuelekea Chang'ombe, kwenye chuo cha VETA. Ile risiti ilikuwa mkononi mwa kijana.